Mtoto wa Mji Mkongwe Niliyemjulia Kitale

Mwaka 2006, diploma yangu ikiwa bado mbichi, nilipata kazi Kitale. Nilikuwa sijawahi kukaa mbali na bahari. Baridi ya asubuhi ilinivisha sweta mbili, na kila nilipotupa jicho ni mahindi. Mara mbili kwa wiki tulipeleka mizigo Bungoma, tukipita Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Dereva wetu, mzee wa Kibukusu, alikuwa mpenzi wa muziki wa roki. Garini alikuwa na kaseti nne tu, zote za bendi ya Queen, na alizirudia mpaka nikazihifadhi.

Siku moja akaniuliza sisi watu wa pwani tunamkumbuka vipi mwenzetu. Sikujua amkusudia nani. Akacheka, akanieleza kuwa mwimbaji wa kaseti zile, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja. Niliona haya. Habari za pwani nafunzwa na mtu wa Mlima Elgon!

Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, Mji Mkongwe. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba alikuwa mshika fedha katika serikali ya wakoloni. Mtoto alipofika umri wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko akajifunza piano na kuingia bendi ya wanafunzi. Alirudi Unguja 1963. Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na familia ikahamia Feltham, kando ya London. Kijana alikuwa na miaka 17. Hilo sisi twalijua: mitaa yetu ya zamani haikosi nyumba ambayo wenyewe walifunga mlango wakaenda zao.

Uingereza alisomea uchoraji na usanifu wa michoro chuo cha Ealing, akahitimu 1969 na diploma, kama mimi. Aliuza nguo kuukuu sokoni Kensington. Mwaka 1970 akaungana na Brian May na Roger Taylor, akaipa bendi jina la Queen na kuichorea nembo. John Deacon aliingia 1971, na albamu ya kwanza ikatoka 1973.

Mzee alikuwa na hoja yake kwa nini albamu zile hazichakai. Alisema ni kazi ya mikono. Kweli, katika miaka ya sabini Queen walikuwa wakiandika kwenye majalada kwamba hawakutumia sauti za sintesaiza. Walibadili hilo 1980 tu, katika The Game. Katika A Night at the Opera ya 1975, watu watatu waliimba na kurekodi sauti zao moja juu ya nyingine, mara nyingi mno, mpaka ukisikiliza wadhani ni kwaya nzima. Bohemian Rhapsody ina urefu wa karibu dakika sita, wakati redio zilitaka nyimbo za dakika tatu. Ilikaa kileleni Uingereza wiki tisa. Ndani ya albamu hiyo moja mna gitaa zito, opera, na nyimbo za kuchekesha za kizamani. Kitu kisichofuata mtindo wa mwaka wake hakipitwi na mwaka.

Hakuwa malaika. Mwaka 1984 bendi yake ilikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi, na walilaumiwa kwa haki. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai 1985, aliteka uwanja wa Wembley kwa dakika ishirini katika tamasha la kuchangia njaa ya Ethiopia.

Mimi kaseti iliyonishika ni Innuendo, ya Februari 1991. Aliirekodi akiwa mgonjwa wa Ukimwi, mwili umekwisha, lakini sauti haikutetereka. Watu hawakujua. Alitangaza ugonjwa wake tarehe 23 Novemba, na siku ya pili yake akafa, na miaka 45.

Tukitoka Bungoma jioni moja, kaseti hiyo ikipiga, nilimkumbuka ami yangu aliyefariki nikiwa shule ya msingi. Nyumbani tulisema ni kifua. Hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa, na wengine hawakukubali hata kula katika sahani yake. Nilimweleza mzee. Akazima redio. Mpaka tunafika Webuye alikuwa amenihesabia jamaa zake watatu waliozikwa kwa ukimya uo huo.

Mwaka huo huo wa 2006, kikundi cha Kiislamu Zanzibar kilipinga sherehe ya kutimiza miaka 60 tangu Mercury azaliwe. Nami ni Mwislamu. Sitetei mwenendo wake, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini kukataa sherehe ni jambo moja, na kukana kwamba mtu alizaliwa kwetu ni jambo jingine. Tangu 2019 pana jumba la makumbusho yake Shangani, na wengi wanaoingia ni wageni.

Ami yangu hana jumba. Ana watoto, na wameshakuwa watu wazima. Mwaka jana, kwa mara ya kwanza, niliwaambia baba yao alikufa kwa maradhi gani.