Pasolini: Mwongozaji aliyekubali kukosolewa na Waafrika

ALIPOUAWA Novemba 2, 1975 huko Ostia, karibu na Roma, Pier Paolo Pasolini aliacha filamu ambazo wapenzi wa sinema hawajachoka kuzijadili. Lakini ile aliyoipiga Tanzania na Uganda hutajwa kwa nadra, na ikitajwa huitwa rasimu ya filamu ambayo hakuwahi kuitengeneza.

Huko ni kumpunja marehemu.

Pasolini alizaliwa Bologna Machi 5, 1922, baba yake akiwa ofisa wa jeshi na mama yake mwalimu. Mwaka 1942 alichapisha mashairi kwa Kifriuli, lugha ya kijijini kwa mama yake, wakati utawala wa Mussolini ukizibeza lugha za aina hiyo.

Mwaka 1945 mdogo wake, Guido, aliyepigana msituni dhidi ya Wanazi, aliuawa na wapiganaji wa Kikomunisti. Hata hivyo, Pasolini alijiunga na Chama cha Kikomunisti, kilichomfukuza mwaka 1949 kwa kashfa ya mapenzi ya jinsia moja.

Alihamia Roma mwaka 1950 na kuishi miongoni mwa mafukara wa pembezoni mwa jiji. Kutokana na maisha hayo ilizaliwa filamu yake ya kwanza, Accattone, mwaka 1961. Mwaka 1964 filamu yake kuhusu Injili ya Mathayo ilitunukiwa tuzo maalumu mjini Venice.

Filamu tunayoitetea, Appunti per un'Orestiade africana, ni ya mwaka 1970. Inatokana na tamthilia za Aeschylus wa Ugiriki ya kale: Orestes anamuua mama yake kulipiza kisasi cha baba, anaandamwa na miungu wa kisasi, hadi Athena anapounda mahakama na miungu hao kugeuka kuwa wa heri.

Pasolini aliona safari hiyo katika Afrika iliyotoka kupata uhuru. Akiwa na kamera, alisaka sura za wahusika Kigoma, akakifanya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwa hekalu la Apollo, na katika ngoma ya Wagogo akaona miungu wa kisasi wakibadilika.

Kisha alifanya jambo ambalo waongozaji wengi wangelikwepa. Aliwaonyesha picha hizo wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Roma, akawauliza maoni yao.

Hawakumsifu. Walimweleza kwamba Afrika si nchi moja, na kwamba haifai kuzungumziwa kana kwamba yote ni makabila. Pasolini hakuyakata maneno hayo. Aliyaacha ndani ya filamu, yakipinga wazo lake mwenyewe.

Ina kasoro. Watu wa masokoni na mashambani wanaonekana zaidi kuliko wanavyosikika. Lakini ni kazi kamili, kwa sababu inamwonyesha msanii mashuhuri akikosolewa hadharani na watu aliodhani anawaelewa.

Aliyepiga filamu kuhusu mahakama inayokomesha kisasi hakupata hukumu iliyoridhisha watu juu ya kifo chake. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 17 alipatikana na hatia, lakini mwaka 2005 alikana kuwa ndiye muuaji.

Mkazi wa Kigoma, Dodoma au Dar es Salaam ana sababu yake ya kuitafuta filamu hii: huenda sura ya bibi au babu yake imo.