Sayyidna Bilal na Makaburi ya Mlango Mdogo

Upande wa kusini wa ukuta wa kale wa mji wa Damascus, katika nchi ya Sham, uko mlango uitwao Bab as-Saghir, maana yake Mlango Mdogo. Karibu na mlango huo yako makaburi ya Waislamu tangu zama za Masahaba. Humo amezikwa Ibnul Qayyim, mwanachuoni mkubwa aliyekufa mwaka 751 wa Hijra. Na humo, kwa kauli ya wanavyuoni wengi, amezikwa Sayyidna Bilal bin Rabah, Mwenyezi Mungu amridhie. Twapenda kuwakumbusha ndugu zetu maisha yake, kwa kuwa yatuhusu.

Sayyidna Bilal alikuwa mtumwa mjini Makka. Mama yake, Hamama, alikuwa Mhabeshi. Nasaba ya kujifakharishia hakuwa nayo. Aliposilimu, bwana wake Umayya bin Khalaf alikuwa akimlaza juu ya mchanga wa moto wakati wa jua kali, na jiwe kubwa kifuani, apate kuritadi. Naye hakuacha kutamka kuwa Mungu ni Mmoja. Sayyidna Abubakar akamnunua, akamwacha huru.

Adhana ilipowekwa Madina, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimchagua yeye kuinadi. Mwaka wa 2 wa Hijra, katika vita vya Badri, Umayya aliuawa. Na mwaka wa 8, Makka ilipofunguliwa, Bilal aliamrishwa apande juu ya Alkaaba aadhini. Baadhi ya wakubwa wa Kikureshi walichukia kumwona mtu yule mahali pale. Lakini amri ilikuwa imekwisha pita. Baada ya kufariki Mtume, alikwenda Sham, akafa huko kiasi cha mwaka wa 20.

Sasa jambo letu. Tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, hapa pwani ya ziwa wamekutana Waislamu wa namna nyingi: watu wa Mombasa na Lamu, Wanubi, Wahindi, Wawanga na Wajaluo. Msikitini sote twasimama safu moja. Lakini tukishatoka, twasikia ikisemwa kuwa huyu ni Mwislamu wa jana, na yule hana asili. Kijana aliyesilimu akija kuposa, huulizwa babu yake kabla ya kuulizwa sala yake. Na sisi tuliotoka pwani, tuseme kweli, ndio wa mbele katika hayo. Kisa cha Bilal kikisomwa katika darsa twatokwa na machozi. Akibisha hodi mfano wake, twamfungia mlango.

Kuzuru makaburi ni kukumbuka mauti na kuwaombea waliomo, si kuwaomba wao. Basi atakaye kumheshimu Sayyidna Bilal hana haja ya kusafiri mpaka Mlango Mdogo. Na aufungue mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Wabillahi taufiq.