Denis Burkitt, Daktari Aliyepima Makapi ya Chakula

Mtahiniwa, kila mwaka ninaposahihisha mitihani ya majaribio hapa Mkata nakutana na jibu lilelile. Swali linamtaka mwanafunzi aeleze safari ya chakula katika mfumo wa umeng'enyaji. Anaanza vizuri sana: mdomo, mate, umio, tumbo, duodeni, utumbo mwembamba, vilai. Akifika utumbo mpana anachoka. Anaandika mstari mmoja tu kwamba chakula kisichomeng'enywa ni uchafu na hutolewa nje, halafu anahamia swali linalofuata.

Katika sura hii utasoma maisha ya mtu ambaye alianzia pale ulipochokea wewe. Alikuwa daktari wa upasuaji, alifanya kazi Uganda kwa miaka 20 hivi, na alikuwa na jicho moja. Jina lake ni Denis Parsons Burkitt.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali, lakini kilichompa jina ni ndege. Aliwafunga ndege wadogo vipete miguuni na kuchora ramani ya mahali kila mmoja alipoishi. Likumbuke jambo hilo la ramani, maana mtoto alilirithi. Akiwa na umri wa miaka 11 Denis alipigwa jiwe katika ugomvi wa wanafunzi, miwani yake ikavunjika, na jicho moja likapotea. Alianza chuo kikuu Dublin akisoma uhandisi, akabadili na kusoma udaktari, akahitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi katika makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Ni vita vya pili vya dunia vilivyomleta Afrika Mashariki, akiwa daktari wa jeshi, na vita vilipokwisha alipata nafasi Uganda. Alifika mwaka 1946 na kupelekwa Lira, katika eneo la Lango.

Huko Lira alikutana na wagonjwa wengi wa busha. Wewe unayesoma hiki kitabu mkoani Tanga huhitaji kuelezwa busha ni nini. Daktari mwingine angepasua, akashona, akaita mgonjwa anayefuata. Burkitt alimuuliza kila mgonjwa anatoka wapi, akagundua kwamba upande wa mashariki wa wilaya busha lilikuwa la kawaida na upande wa magharibi lilikuwa nadra. Swali lake halikuwa tu mgonjwa ana nini. Aliuliza pia ugonjwa uko wapi, hauko wapi, na kwa nini.

Swali hilohilo ndilo lililompa umaarufu wake wa kwanza. Mwaka 1957, akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, mwenzake Hugh Trowell alimwita amwone mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye mataya, pande zote. Muda mfupi baadaye akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya saratani hiyo ya watoto, ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wawili, alinunua gari kuukuu na kusafiri kilomita 16,000 hivi kwa wiki kumi, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali kama waliwahi kuuona uvimbe ule. Ramani ikaonyesha kwamba unapatikana kwenye joto na mvua, yaani maeneo yaleyale ya malaria. Sampuli zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London ndizo zilizowawezesha Epstein na wenzake kugundua, mwaka 1964, virusi vinavyoitwa Epstein-Barr. Habari hiyo inatosha kitabu kizima, lakini mada yetu ni umeng'enyaji, kwa hiyo tuiache hapo.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Mwaka uliofuata akakutana na daktari mstaafu wa jeshi la majini, Peter Cleave, aliyekuwa akidai kwamba magonjwa mengi ya watu wa Ulaya yana chanzo kimoja: sukari na unga uliokobolewa. Madaktari wengi walimpuuza. Burkitt hakumpuuza, kwa sababu alikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho, yaani kumbukumbu ya miaka 20 ya chumba cha upasuaji Uganda. Uingereza, kupasua kidole tumbo kilichovimba ilikuwa kazi ya kila siku. Mulago, miongoni mwa wagonjwa Waafrika, ilikuwa nadra. Hivyo hivyo mawe kwenye kifuko cha nyongo, bawasiri, saratani ya utumbo mpana, na vile vifuko vidogo vinavyochomoza kwenye ukuta wa utumbo mpana wa wazee wa Ulaya. Trowell naye, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929, alikuwa ameandika kitabu mwaka 1960 kuhusu magonjwa yasiyo ya kuambukiza barani Afrika, na humo aliorodhesha mengi ambayo hakuyaona.

Sasa hebu tusimame kidogo, maana bila kuelewa kinachotokea tumboni hutaelewa Burkitt alikuwa anatafuta nini.

Chukua tonge mbili za ugali. Moja ni ya dona, yaani mahindi yamesagwa na pumba zake. Nyingine ni ya sembe, mahindi yamekobolewa kwanza. Mdomoni zote mbili hutafunwa na kuchanganywa na mate yenye kimeng'enya cha amilesi, kinachoanza kuivunja wanga kuwa maltosi. Ndiyo maana ugali ukitafunwa muda mrefu huanza kuwa mtamu. Tumboni tindikali huizuia amilesi ya mate isiendelee na kazi, na pepsini huanza kuvunja protini. Kama umekula na maharage, kazi hiyo ipo ya kutosha. Kwenye duodeni nyongo kutoka kwenye ini huyagawa mafuta kuwa matone madogo, na kongosho huleta vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta. (Nyongo si kimeng'enya. Kila mwaka kuna anayepoteza alama hapo.) Katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi, kazi inakamilika: wanga imekuwa glukosi, protini imekuwa asidi amino, mafuta yamekuwa asidi za mafuta na gliseroli. Vilai hufyonza. Glukosi na asidi amino huingia kwenye kapilari za damu na kupelekwa kwenye ini. Sehemu kubwa ya mafuta hupitia kwenye lakteali.

Hadi hapo tonge ya dona na tonge ya sembe hazina tofauti kubwa. Tofauti iko kwenye kilichobaki. Sembe imeacha kidogo sana. Dona imebaki na maganda, na maganda hayo kwa sehemu kubwa ni kuta za seli za mmea. Ukisafiri kutoka Mkata kwenda Korogwe, ukishapita Segera utaanza kuona mashamba ya mkonge. Nyuzi zinazotolewa kwenye majani yale zimejengwa zaidi kwa selulosi, na ndizo zinazosokotwa kamba. Pumba za mahindi zina selulosi hiyohiyo, ingawa katika umbo laini zaidi. Binadamu hana kimeng'enya cha kuivunja. Ng'ombe naye hana, ila amewahifadhi tumboni vijidudu wanaomfanyia kazi hiyo. Kwa hiyo kwako wewe makapimlo, ambayo wengine huyaita nyuzinyuzi, hupita utumbo mwembamba wote bila kumeng'enywa na kuingia utumbo mpana.

Utumbo mpana hufyonza maji. Kinachokaa humo muda mrefu hunyonywa maji zaidi, kinakuwa kikavu na kigumu, na misuli inahangaika kukisukuma. Makapimlo hushika maji, yakaongeza ujazo na ulaini, misuli ikapata kitu cha kusukuma, na kinyesi kikatoka mapema. Nilisoma bweni kwa sembe na maharage, mboga za majani mara moja kwa wiki. Sihitaji kusimulia zaidi; aliyekaa bweni ameelewa.

Burkitt alitaka vipimo. Pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alitumia njia rahisi inayopendeza. Mtu anameza vipande vidogo 25 vya plastiki ambavyo havipitishi eksirei. Kila anapokwenda haja, kinyesi kinakusanywa kwenye mfuko, kinapimwa uzito, kisha mfuko unapigwa picha ya eksirei na vipande vinahesabiwa. Vikishatoka asilimia 80, yaani 20 kati ya 25, muda uliopita unaandikwa kuwa ndio muda wa safari.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Kwa wanavijiji wa Uganda, waliokula vyakula vyao vya shambani, safari ilichukua saa 36 hivi, na kinyesi cha siku moja kilikuwa na uzito wa karibu gramu 470. Kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza na wake zao, safari ilichukua zaidi ya saa 80, na uzito ulikuwa karibu gramu 100 tu. Soma tena tarakimu hizo. Chakula kilikaa ndani ya Mwingereza mara mbili ya muda na zaidi, na kilichotoka hakikufika hata robo.

Kutokana na hapo Burkitt akajenga hoja yake. Kinyesi kidogo na kigumu huulazimisha utumbo kukamua kwa nguvu, na mkazo huo hutoa vifuko ukutani. Kujikamua chooni huleta bawasiri. Kemikali mbaya zinazokaa muda mrefu zikigusa ukuta wa utumbo huenda zikaleta saratani. Alizunguka duniani akihubiri makapimlo, na katika mihadhara yake mbele ya maprofesa wenye tai alionyesha picha za vinyesi alizopiga mwenyewe porini. Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Kitabu chake kwa watu wa kawaida, kilichotoka mwaka 1979, kiliwafanya Wazungu wengi warudie mkate wa ngano isiyokobolewa.

Je, alikuwa sahihi? Hapa nataka usome kama mwanasayansi na si kama shabiki. Wanavijiji wa Uganda na mabaharia wa Uingereza hawakutofautiana kwa makapimlo peke yake. Walitofautiana kwa nyama, sukari, mafuta, kutembea kwa miguu, hata kwa umri, maana saratani ya utumbo mpana na vile vifuko ni magonjwa ya uzeeni zaidi. Tena mgonjwa wa kijijini aliyefia nyumbani hakuhesabiwa na hospitali yoyote. Mambo mawili kuonekana pamoja hakuthibitishi kwamba moja limesababisha lingine. Ukiulizwa kuhusu vigezo vya kudhibiti katika jaribio, huu ni mfano mzuri kuliko ule wa mmea ndani ya sanduku.

Na kweli, hoja zake hazikusimama zote. Mwaka 2000 jaribio la Marekani lilichapisha matokeo ya watu zaidi ya 2,000 waliokwisha kutolewa vinyama vinavyoweza kugeuka saratani ya utumbo mpana. Kundi moja lililishwa makapimlo mengi na mafuta kidogo kwa miaka minne hivi. Vinyama vilirudi sawasawa na kwa kundi jingine. Lakini mwaka 2003 utafiti wa zaidi ya watu 500,000 katika nchi 10 za Ulaya ulionyesha kwamba waliokula makapimlo mengi waliugua saratani hiyo kwa kiwango kidogo kuliko waliokula machache. Kuhusu vile vifuko bado kuna ubishi. Kuhusu kufunga choo hakuna anayebisha sana.

Kuna jambo moja ambalo Burkitt hakulitilia uzito wa kutosha. Makapimlo hayapiti tu kama ufagio. Sehemu yake huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana, na hao hutoa asidi fupi za mafuta ambazo seli za ukuta wa utumbo huzitumia kama chakula. Kwa hiyo ule mstari mmoja wa mwanafunzi wangu, kwamba kilichobaki ni uchafu, una makosa mawili: si chote kinachotoka, na si chote uchafu.

Jambo jingine ni hili. Watu ambao afya yao ilimpa Burkitt hoja yake walikuwa wakulima wa Uganda, wakila ulezi, viazi, ndizi na maharage. Leo ukienda mashineni hapa Mkata, foleni ya kukoboa ni ndefu kuliko ya kusaga dona, na mwenye dona huulizwa kama nyumbani kuna kuku wengi.

Burkitt alistaafu mwaka 1976, lakini aliendelea kuandika na kuzungumza. Alifariki Gloucester, Uingereza, Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Swali la kujipima: Wanafunzi wawili, Juma na Neema, walimeza vipande 25 kila mmoja saa 1 asubuhi siku ya Jumatatu. Kwa Neema vipande 20 vilikuwa vimetoka ilipofika saa 1 jioni Jumanne. Kwa Juma ilikuwa saa 1 jioni Alhamisi. Tafuta muda wa safari kwa kila mmoja. Ni nani huenda alikula sembe, na kwa nini tarakimu hizi pekee hazitoshi kukuhakikishia? Katika jibu lako taja kazi ya utumbo mpana, na vigezo viwili ambavyo ungevidhibiti kabla ya kumwamini mtafiti.