Elijah Masinde: Nabii aliyepigwa marufuku na mkoloni, kisha na Serikali huru

JINA la Elijah Masinde halijafutika vinywani mwa Wabukusu, ingawa mwenyewe alifariki Juni 1987. Kwa wafuasi wake alikuwa nabii. Kwa watawala wa enzi mbili alikuwa mchochezi. Maisha yake yanadhihirisha jinsi uhuru wa kuabudu ulivyokuwa adimu nchini Kenya, hata mikononi mwa watu walioonja uchungu wa kunyimwa uhuru.

Masinde alizaliwa eneo la Kimilili karibu mwaka 1910. Ujanani alisifika kwa kusakata kabumbu, hata akashiriki michuano ya Kombe la Gossage dhidi ya Uganda. Alilelewa kiimani na kanisa la Marafiki, maarufu kama Quakers.

Marafiki wenyewe walikuwa na kumbukumbu chungu ya mateso. Walipotoka Uingereza na kuingia Massachusetts, Marekani, katika karne ya 17, waliwakuta Wapuritani waliokuwa wameihama Uingereza hiyo hiyo ili wamwabudu Mungu watakavyo. Wapuritani hawakuwa tayari kuwapa wengine haki waliyoitafuta wao. Kati ya 1659 na 1661 waliwanyonga Marafiki wanne mjini Boston, akiwemo Mary Dyer, aliyeuawa Juni 1, 1660. William Penn, naye Rafiki, alipokabidhiwa Pennsylvania mwaka 1681, aliwafungulia mlango waumini wa madhehebu mengine. Wamishonari Marafiki kutoka Marekani ndio waliojenga kituo cha Kaimosi mwaka 1902, na mafundisho yao yakafika Kimilili.

Masinde hakudumu nao. Alioa mke wa pili, jambo ambalo kanisa hilo halikulikubali, wakatengana. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alianzisha Dini ya Msambwa, iliyomwabudu Wele, Mungu wa Wabukusu, ikaenzi mizimu ya mababu na kuwataka Wazungu waondoke. Mwaka 1945 alifungwa kwa kupinga amri za watawala, kisha akapelekwa hospitali ya Mathari, kana kwamba imani yake ilikuwa maradhi ya akili. Aliachiliwa mwaka 1947. Mwaka huo huo aliongoza umati hadi ngome ya Chetambe, ambako Wabukusu wengi waliuawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, kuwaombea waliofia hapo.

Februari 10, 1948, polisi waliufyatulia risasi umati wa waumini huko Malakisi, wakaua watu 11. Mwezi huo huo dini ilipigwa marufuku, naye Masinde akakamatwa na kuhamishiwa Lamu. Serikali iliwalaumu wafuasi wake kwa visa vya kuteketeza majengo kwa moto. Hata hivyo, marufuku haikubagua mwenye kiberiti na mwenye sala. Wote walihesabiwa wahalifu. Mafundisho hayo yalienezwa kwa Wapokot na Lukas Pkech. Aprili 24, 1950, makabiliano ya Kolloa, Baringo, yaliangamiza maisha ya Pkech, ya wafuasi wake wengi na ya maofisa watatu wa Kizungu.

Uhamisho ulikuwa silaha aipendayo mkoloni. Aliyeogopwa alitengwa na watu wake: Masinde alipelekwa Pwani, Jomo Kenyatta akapelekwa kaskazini. Baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung, Kenyatta aliwekwa Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mgeni hakuingia ila kwa kibali. Hata wamishonari Wakatoliki walipata nafasi Lodwar mwaka 1961 tu, njaa ilipowalazimu watawala kulegeza kamba.

Masinde naye aliachiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Uhuru ulipopatikana, Dini ya Msambwa ilisajiliwa mwaka 1964. Furaha hiyo ilikuwa fupi. Mwaka 1968 Serikali ya Rais Kenyatta, mfungwa wa zamani wa Lodwar, iliipiga marufuku tena, ikidai inavuruga amani. Masinde, aliyeendelea kuhubiri na kukosoa, alirudishwa gerezani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Leo, safari ya kilomita 120 hivi kutoka Lodwar humfikisha mtu Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 kuwapokea waliokimbia vita vya Sudan. Katika mkoa ambao zamani mhubiri alihitaji kibali, Waislamu kutoka Somalia, Wakristo kutoka Sudan Kusini na Waorthodoksi kutoka Ethiopia wana nyumba zao za ibada. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa dini, bila kumwuliza kabila wala idadi ya waumini wenzake.

Si lazima mtu akubali unabii wa Masinde ili aone alichodhulumiwa. Dola ina wajibu wa kumwadhibu achomaye nyumba ya jirani, awe wa dini yoyote. Lakini Wapuritani wa Boston, mkoloni wa Nairobi na Serikali ya 1968 walivuka mpaka huo, wakaiadhibu sala yenyewe. Mpaka huo ndio Masinde aliotumia maisha yake kuusubiri.