Mtakatifu Vincent de Paul, Baba wa Watoto Waliotupwa

Katika makanisa mengi huonekana sanamu ya padri mzee mwenye ndevu na kanzu nyeusi, akimfunika mtoto mchanga kwa joho lake. Padri huyo ni Mtakatifu Vincent de Paul. Sanamu hiyo yasema kweli, walakini haisemi kweli yote. Kumhurumia mtoto mmoja kwa siku moja ni jambo liwezekanalo kwa kila mtu. Vincent aliwatunza watoto wengi kwa miaka mingi, akawafundisha Wakristu kwamba huruma isiyo na utaratibu haidumu.

Alizaliwa mwaka 1581 katika kijiji cha Pouy, karibu na mji wa Dax, kusini-magharibi ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, na yeye mwenyewe alichunga mifugo ya nyumbani. Baba yake, alipoona akili za kijana, alimpeleka shuleni mjini Dax. Siku moja baba huyo alikuja kumtazama mwanawe, naye alikuwa mwenye mavazi duni na mguu wa kuchechemea. Vincent aliona haya mbele ya wenzake, akakataa kwenda kuzungumza naye. Kosa hilo hakulisahau kamwe. Hata katika uzee wake alilisimulia kwa majuto makubwa.

Alipewa upadri mwaka 1600, akiwa na umri wa miaka 19 tu. Hapo mwanzo alitafuta cheo chenye mapato mazuri ili awasaidie jamaa zake. Lakini Mungu alimgeuza moyo polepole, kwa njia ya maskini. Mwaka 1617, katika parokia ya Châtillon, alipashwa habari ya nyumba moja ambamo watu wote walikuwa wagonjwa, hata asiweze mmoja kumsaidia mwenziwe. Aliitangaza habari hiyo kanisani, na siku ile ile watu wengi wakaenda na vyakula. Vincent alifurahi, kisha akafikiri. Aliona kwamba chakula kilichozidi leo kitaharibika, na baada ya siku chache wagonjwa wale watashikwa na njaa tena. Basi akawakusanya wanawake wa parokia, akaweka kanuni na zamu, kila mmoja apate siku yake ya kuwahudumia wagonjwa. Tangu hapo hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake. Mwaka 1625 aliunda Shirika la Misioni, na mwaka 1633, pamoja na mjane Louise de Marillac, aliunda shirika la Mabinti wa Mapendo.

Wakati ule watoto wachanga 300 au 400 walitupwa kila mwaka mjini Paris, njiani na milangoni pa makanisa. Wasifikiri wasomaji kwamba hapakuwa na nyumba ya kuwapokea. Nyumba ilikuwapo, jina lake La Couche. Mjane mmoja aliiangalia pamoja na watumishi wachache, kwa fedha zisizotosha hata kidogo. Wanyonyeshaji walikuwa haba, na watoto walilia kwa njaa. Ili wanyamaze, walipewa afyuni wapate kulala, na wengi hawakuamka. Wengine waliuzwa kwa sarafu chache, hata kwa waombaji waliowavunja mikono na miguu ili wapitao njiani wawaonee huruma na kutoa sadaka. Tena wengi walikufa bila Ubatizo. Hivyo watoto wale walikuwa wameokotwa njiani, wakapotea ndani ya nyumba iliyowekwa kuwalinda.

Vincent aliwaomba Mabibi wa Mapendo, wanawake wenye mali waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa wa hospitali kubwa ya Paris, waende wakaitazame nyumba ile. Walirudi wakiwa na fadhaa. Walitamani kuwachukua watoto wote, lakini hawakuwa na nguvu hizo. Basi mwaka 1638 walipiga kura, wakachukua watoto 12, wakamkabidhi Louise de Marillac na masista wake. Kura ile ilikuwa mzigo mzito, kwa kuwa kila aliyechaguliwa aliwaacha wengi nyuma yake. Lakini Vincent hakutaka kuahidi mengi na kuyavunja. Alianza na hao 12, akajifunza gharama na kazi yake; na mwaka 1640 Mabibi wakakubali kuwapokea wote.

Watu wengi walinung'unika. Walisema kwamba watoto hao ni matunda ya dhambi, na kuwalea ni kuwatia moyo wakosefu. Vincent hakukubali. Alifundisha kwamba kosa la wazazi si kosa la mtoto, na kwamba Yezu Kristu alimwaga damu yake kwa ajili ya hao pia. Louise naye aliyafahamu mambo hayo kwa undani, maana yeye mwenyewe alizaliwa nje ya ndoa, wala hakupata kulelewa na mama yake.

Kazi yao ilikuwa na taratibu zake. Mtoto mchanga alipewa mama wa kumnyonyesha, mara nyingi katika vijiji vya mbali, na mama huyo alilipwa. Lakini malipo peke yake hayakuaminiwa. Masista walisafiri toka kijiji hata kijiji, wakaingia nyumbani, wakamtazama mtoto kwa macho yao, kama amenenepa au amekonda, kama ni safi au ameachwa katika uchafu. Mtoto alipoachishwa ziwa, alirudi kwa masista, akafundishwa sala na kusoma. Na baadaye akajifunza kazi ya mikono, apate kujitegemea.

Makosa nayo hayakukosekana. Mwaka 1647 Malkia Anne wa Austria aliwapa jumba kuukuu la Bicêtre, nje ya mji. Louise aliogopa, maana jumba lile lilikuwa kubwa mno na baridi yake kali. Walakini watoto walihamishwa, na wengi wakafa huko. Mwaka 1651 waliosalia walirudishwa mjini. Mkubwa wa kazi hakuona haya kurudi nyuma, kwa kuwa uhai wa watoto ulikuwa mbele ya heshima ya jumba la kifalme.

Katika miaka ile ile vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza, mkate ukapanda bei, sadaka zikapungua. Mabibi walichoka, wakataka kuiacha kazi. Vincent, aliyekuwa amekwisha kuzeeka, aliwakusanya. Hakuwakaripia. Aliwakumbusha kwamba wamekuwa mama wa watoto hao kwa neema. Wakijiondoa, watakuwa waamuzi wao, na hukumu yao itakuwa ni kufa au kuishi. Wengi walilia machozi, na kazi ikaendelea.

Louise alifariki tarehe 15 Machi 1660, na Vincent tarehe 27 Septemba mwaka huo huo. Mwaka 1670 Mfalme Louis wa 14 aliifanya nyumba ya watoto waliotupwa kuwa hospitali ya serikali. Papa Klementi wa 12 alimtangaza Vincent kuwa Mtakatifu mwaka 1737, na mwaka 1885 Papa Leo wa 13 alimweka kuwa msimamizi wa kazi zote za mapendo. Louise alitangazwa Mtakatifu mwaka 1934.

Mtoto yatima aliyepata paa la kulalia hajawa salama bado. Sharti awepo mtu wa kumjua kwa jina, wa kwenda kumtazama bila kutangaza siku, na wa kuulizwa habari zake. Mwenye kumpokea mtoto wa marehemu ndugu yake na ajiulize kama anamlisha sawa na wanawe, na kama anampeleka shule pamoja nao. Na jirani asiyempokea mtoto aweza kumtembelea. Kijana aliyeona haya kumkaribia baba yake maskini alijifunza kwa Mungu kutomwonea haya mtoto awaye yote.

Mtakatifu Vincent de Paul, utuombee.