Karl Barth: mwalimu aliyetaka kuongeza maneno kwenye kiapo cha Hitler

Wachungaji wetu waliosoma teolojia wanamjua Karl Barth kwa vitabu vyake vinene. Wachache njo wanajua kama huyo mutu alifukuzwa kazi ya serikali, na chanzo cha mambo kilikuwa kiapo.

Alizaliwa Basel, inchi ya Uswisi, tarehe 10 Mei 1886. Kwa miaka kumi alikuwa pasta wa Safenwil, kijiji cha viwanda, na huko aliwasimamia wafanyakazi wenye kulipwa kidogo mpaka wenye viwanda wakakasirika. Kisha akaandika kitabu juu ya Barua kwa Warumi, jina lake likavuka mpaka. Mwaka wa 1921 Wajerumani wakamwita kufundisha Göttingen, halafu Münster, halafu Bonn tangu 1930.

Ujerumani ya wakati ule, profesa alikuwa ajenti wa serikali kama vile karani wa posta ao mwalimu wa shule. Alikula mshahara wa serikali, na aliapa. Zamani waliapa kulinda katiba. Rais Hindenburg alikufa tarehe 2 Agosti 1934, na kufika tarehe 20 ya mwezi ule ule sheria mpya ilikuwa tayari: kila ajenti na kila askari aape uaminifu na utii kwa Adolf Hitler, kwa jina lake, mbele ya Mungu. Katiba ikatoka mu kiapo, mutu akaingia.

Karibu wote waliapa. Kazi ni kazi, na watoto wanataka kula. Barth naye alikuwa na watoto watano.

Hapa watu wengi wanakosea wakisimulia: Barth hakukataa kuapa. Aliomba kuongeza maneno machache tu, kwamba atatii kadiri anavyoweza kama Mkristo wa Kiprotestanti. Lakini yale maneno machache yaliharibu yote, juu kiapo chenye mpaka kinaonyesha kama kuna mwingine mwenye neno la mwisho kumpita Hitler. Tena hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Mei mwaka ule ule, Barth njo aliandika sehemu kubwa ya Tangazo la Barmen, lenye kusema kanisa lina Bwana mmoja. Na darasani, pahali pa kuinua mkono kwa salamu ya Hitler, yeye alianza somo kwa ibada.

Tarehe 26 Novemba akasimamishwa kazi. Kisha viongozi wa kanisa lililopinga Wanazi wakatangaza kwamba kiapo cha mbele ya Mungu hakiwezi kumfunga mutu kuvunja amri ya Mungu. Barth akasema kama ni hivyo, basi anaweza kuapa bila kuongeza kitu. Serikali haikumtaka tena. Tarehe 20 Desemba tribinali ya nidhamu ya Köln ikamfukuza. Akakata rufaa Berlin, na mu Juni 1935 hukumu ile ikavunjwa, akabakia na faini tu. Ushindi wa siku chache: waziri akamtoa kazini kwa amri yake. Basel ikampa kazi mara moja, akarudi kwao.

Wachungaji waliobaki Ujerumani nao zamu yao ilifika. Mwaka wa 1938 wakubwa wa kanisa lenyewe, wakitaka kumpendeza Hitler, waliamuru kila pasta aape kwake. Kutoka Basel, Barth aliwapinga kwa ukali. Wengi wakaapa hata hivyo. Nyuma yake chama cha Hitler kikasema kiapo kile ni mambo ya kanisa, chenyewe hakikukiomba. Aibu ile ilikuwa kubwa, kwa wale waliokwisha kuapa zaidi.

Vita ilipokuja, Barth, mwenye miaka 54, alivaa uniforme ya jeshi la Uswisi akalinda zamu. Alikufa Basel tarehe 10 Desemba 1968, kazi yake kubwa ya teolojia ikiwa imepita kurasa 9000 na bado haijaisha.

Bonn alirudi kufundisha mwaka wa 1946. Chuo kilikuwa nusu magofu ya mabomu. Somo lilianza saa moja asubuhi, kwa wimbo, mbele mashine za kujenga hazijaanza kelele yao.