George C. Pimentel

George Claude Pimentel (2 Mei 1922 – 18 Juni 1989) alikuwa mwanakemia wa Marekani. Anajulikana hasa kwa kuanzisha mbinu ya kunasa molekuli ndani ya gesi iliyogandishwa ili kuzichunguza kwa nuru ya infraredi.

Maisha

Alizaliwa karibu na Fresno, California, akakulia Los Angeles. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1949, akawa mwalimu hukohuko. Aliwahi kuomba kuwa mwanaanga, lakini alikataliwa kwa sababu ya kasoro ndogo ya jicho.

Utafiti

Kuna molekuli zinazodumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa kuwa humenyuka mara zinapokutana na nyingine. Mwaka 1954 Pimentel, Eric Whittle na David Dows walieleza njia ya kuzizuia. Kiasi kidogo cha dutu huchanganywa na gesi tulivu kwa wingi, kwa mfano xenoni au nitrojeni, kisha mchanganyiko hugandishwa kwenye baridi kali mno. Kila molekuli hubaki peke yake ndani ya mango hiyo, haiwezi kusogea. Inapomulikwa kwa infraredi hufyonza mawimbi yanayolingana na mitikisiko ya atomu zake, na hivyo hutambulika. Kwa njia hiyo kikundi chake kilipima spektra ya HCO mwaka 1960.

Mwaka 1965 yeye na Jerome Kasper waliunda leza ya kwanza inayopata nishati kutokana na mmenyuko wa kikemia.

Mirihi

Vyombo vya angani Mariner 6 na Mariner 7 vilibeba kipimaspektra cha infraredi cha kikundi chake. Agosti 1969, baada ya Mariner 7 kupita karibu na ncha ya kusini ya Mirihi, Pimentel alitangaza kwamba kuna dalili za methani na amonia. Habari hiyo ilisisimua wengi, maana duniani gesi hizo hutokana kwa sehemu kubwa na viumbe hai. Lakini vipimo vya maabara vilionyesha kwamba barafu nene ya dioksidi ya kaboni hutoa alama zilezile. Alama hizo ni hafifu, hazionekani katika tabaka jembamba, hivyo hata bingwa wa spektra za vitu vilivyogandishwa hakuzifahamu. Alilifuta dai lake hadharani baada ya majuma machache.

Alipokea Tuzo ya Wolf mwaka 1982 na Nishani ya Priestley mwaka 1989. Pia alihariri kitabu cha kemia cha shule za sekondari cha mradi wa CHEM Study, kilichotolewa mwaka 1963.